Mti wa nne

Haya jamani, nimepotea karibu mwezi mzima, najua. Kuna aliyeuliza kama nimefukuzwa chuo, na mwingine akauliza kama nimeolewa. Sijafukuzwa wala sijaolewa, ila nimetoka kwenye shughuli ya watu, na nilikuwa nimeapa sitaiandika humu. Nimekaa nayo rohoni wiki mbili nikaona nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Kwa hiyo chukueni chai, leo ni ndefu.

Kwa wageni: mimi ni Msambaa wa Lushoto, nasoma misitu, shahada ya pili, magharibi mwa jimbo la Massachusetts huko Marekani. Maabara yetu ni ya mbegu za miti. Kazi yangu ya kila siku ni kuhesabu zilizoota na zilizogoma kuota, basi. Humo maabara yuko dada mmoja ambaye nitamwita Mama Mbegu, manake anazijua mbegu kama mama anavyojua vilio vya mtoto. Ni Myahudi. Majira yangu ya kwanza ya baridi, nilipougua mafua makali mpaka nikawa naongea Kisambaa peke yangu chumbani, ni yeye aliyekuja na supu ya kuku, akalala kwenye kiti siku mbili. Koti ninalovaa hadi leo ni lake. Mnanielewa? Huyu si mtu wa kusalimiana kwenye korido tu.

Sasa mwezi Januari mwaka 2025 akaniita pembeni, akasema anafunga ndoa. Nikapiga kigelegele hapo hapo maabara, profesa akachungulia. Mwenzake namjua miaka miwili sasa, ni mwalimu wa shule ya msingi, nitamwita Mwalimu. Ni mwanamke. Kwa hiyo harusi ya wanawake wawili.

Nisijifanye shujaa. Nilijua wanaishi pamoja, nimekula kwao mara kumi, lakini "wanaishi pamoja" ni maneno unayoweza kuyapita bila kuyaangalia usoni. Harusi huwezi kuipita. Harusi ina kadi, ina picha, ina ndugu. Nikasema hongera sana, na hongera ilikuwa ya kweli, halafu nikarudi kuhesabu mbegu nikakosea hesabu mara tatu.

Kisheria huku wala si jambo jipya. Massachusetts ndilo lililokuwa jimbo la kwanza Marekani kufungisha ndoa za jinsia moja, kuanzia tarehe 17 Mei 2004, baada ya Mahakama Kuu ya jimbo kuamua hivyo Novemba 2003. Nchi nzima ikafuata Juni 2015 kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu kabisa. Kwa hiyo karatasi za serikali zilikuwa jambo dogo: unakwenda ofisi ya mji, unajaza fomu, unasubiri siku 3, unapewa kibali. Mimi nilidhani ugumu utakuwa huko. Kumbe ugumu ulikuwa kwenye kalenda, kwenye miti na kwa baba.

Tuanze na kalenda. Wao walitaka kitu kimoja tu: harusi iwe msituni, nje, chini ya mbingu. Hakuna ukumbi, hakuna maua ya dukani, hakuna maputo. Wakachagua Jumamosi moja ya katikati ya Oktoba, wakati majani yanawaka rangi nyekundu na njano mpaka unadhani mlima umeshika moto. Wakampelekea rabi wao, ambaye naye ni mwanamke, wa mrengo wa kati unaoitwa Conservative. Rabi akacheka. Jumamosi ni Sabato, ndoa haifungwi. Halafu tarehe hiyo ilikuwa katikati ya Sikukuu ya Vibanda, na Wayahudi hawachanganyi furaha mbili. Kila furaha ipewe siku yake. Wakasema basi tuisogeze mbele iwe kiangazi. Rabi akasema kuanzia Julai 13 hadi Agosti 3 ni wiki 3 za maombolezo ya kuanguka kwa Yerusalemu, hamna harusi. Basi iwe masika? Kati ya Pasaka na Pentekoste yao nako, sehemu kubwa, ni kipindi cha kujizuia. Mwalimu akasema, "Sasa hawa babu zetu walioana lini?"

Jibu likawa zuri kuliko swali. Rabi akawaambia waifunge Jumanne. Eti Jumanne ni siku ya heri kwa Wayahudi tangu zamani, kwa sababu kwenye kitabu cha Mwanzo, siku ya tatu ya uumbaji, neno "ni vyema" limetajwa mara mbili, wakati siku nyingine lina mara moja au halipo. Na siku hiyo ya tatu Mungu alifanya nini? Aliotesha majani, mbegu na miti! Mama Mbegu alilia pale pale. Nami niliyesoma Biblia tangu shule ya Jumapili nilikwenda nyumbani kuhakikisha, na kweli, Mwanzo 1, aya ya 10 na ya 12. Miaka yote hiyo nilikuwa nasoma bila kuhesabu.

Ikapangwa Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025. Majani mengi yangekuwa yameshaanza kuanguka, wakasema sawa, tutatembea juu yake.

Sasa miti, na hapa ndipo nilipoingia mimi mzima mzima. Harusi ya Kiyahudi inafungwa chini ya hupa. Hupa ni kitambaa kilichoshikiliwa na miti minne, pande zote wazi, bila ukuta. Wanasema ni nyumba mpya ya wanandoa, na iko wazi kama hema la Ibrahimu ili mgeni aingie kutoka upande wowote. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa na desturi ya kuisimamisha nje usiku, kukumbuka Ibrahimu alivyoahidiwa uzao kama nyota. Kitambaa mara nyingi ni taliti, lile shuka la sala lenye vishada kwenye pembe nne.

Jioni moja tuko jikoni kwao, Mwalimu akatusomea habari moja kutoka Talmudi. Inasema katika mji wa Betari, mtoto wa kiume akizaliwa walipanda mwerezi, na wa kike akizaliwa walipanda mti wa jamii ya misonobari au miberoshi, wataalamu wanabishana ni upi hasa. Watoto wakikua wakaoana, miti ile inakatwa na matawi yake yanakuwa hupa yao. Halafu siku moja binti wa mfalme wa Roma alipita, gari lake likavunjika, watumishi wake wakakata mwerezi mmoja kutengenezea. Wenye mji wakawavamia. Kwa ajili ya mti huo, inasema Talmudi, vita ikaja na Betari ikaangamizwa.

Tukanyamaza. Mimi nilikuwa namfikiria babu yangu pale Lushoto, ambaye alikuwa akiuza miche ya misaiprasi kando ya barabara. Kule kwetu ukikata mti wa mtu bila ruhusa, vita haiji lakini baraza la kijiji linakaa. Nikasema, "Huo mwerezi haukuwa mti. Ulikuwa harusi ya mtoto wa mtu." Mama Mbegu akaniangalia, akasema, "Basi wewe ndiye utakayetuchagulia miti."

Nikaona nimejiponza kwa mdomo wangu.

Maana Torati ina neno pia kuhusu kukata. Kumbukumbu la Torati 20 inakataza jeshi linalozingira mji kukata miti ya matunda, na kutoka hapo marabi wakatoa kanuni nzima ya kutoharibu kitu ovyo. Kwa hiyo mtofaa hapana. Na wao hawakutaka kukata mti mzima wenye afya kwa ajili ya shughuli ya dakika 40. Mwalimu alikuwa na mti wake aliopandiwa Israeli alipozaliwa, anacho cheti ukutani, lakini cheti hakishikilii hupa.

Shamba la kufanyia harusi ni la mzee mmoja jirani yao, msitu wa ekari kama 30 na kibanda cha kuchemshia utomvu wa ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Nikazunguka humo siku mbili na utepe wa kupimia. Kona moja kulikuwa na kichaka cha Fraxinus americana, michanga, myembamba, imenyooka kama mistari ya daftari. Wasomaji wa misitu mnaujua. Mbao zake ni ngumu na nyepesi, huku wanatengenezea mipini ya majembe na magongo ya besiboli. Lakini mti huu unaisha. Kuna mbawakawa wa kijani kutoka Asia ya Mashariki, aligunduliwa Michigan mwaka 2002, Massachusetts akaonekana mara ya kwanza 2012. Lava wake wanakula chini ya gome mpaka chakula hakipandi wala hakishuki, mti unakufa umesimama. Akitoka anaacha tundu lenye umbo la herufi D. Miti mikubwa ya kona ile yote ilikuwa na matundu ya D. Michanga bado, lakini zamu yake ilikuwa inakuja, kwani mdudu huyu hachagui sana unene.

Nikawaambia: tukate minne ya hii. Ni migumu, ina unene wa sentimita 5, na msitu wenyewe unahitaji kupunguzwa pale. Ila kwa masharti mawili. Miti isitoke nje ya shamba, kwa sababu kusafirisha magogo ya mti huu ndiko kunakomsambaza mdudu. Na kwa kila mmoja tupande mwaloni mmoja, Oktoba ni wakati mzuri, mti unakuwa umelala.

Mama Mbegu akauliza, "Kwa hiyo hupa yetu ni ya mti unaokufa?" Nikaogopa nimemkwaza. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Angalau mara moja utasimama kwa ajili ya kitu."

Mambo mengine nayapitia haraka. Ketuba, yaani mkataba wa ndoa, ile ya zamani imeandikwa Kiaramu na kazi yake ni kueleza mume anadaiwa nini akimwacha mke; Waislamu wa kwetu mtaielewa mkikumbuka mahari ya kuahirishwa. Kwa wanawake wawili haikai vizuri, nani amnunue nani? Wakatumia utaratibu ulioandikwa na mwanatheolojia Rachel Adler kwenye kitabu chake cha mwaka 1998, uitwao agano la wapendanao. Huo unafuata sheria za zamani za ubia: kila mmoja anaweka kitu chake chenye thamani ndani ya mfuko mmoja, wanaunyanyua pamoja, tayari ni wabia. Ugomvi wa kwanza wa ndoa ulikuwa hapo. Mama Mbegu alitaka kuweka mbegu za mwaloni. Rabi akamwambia lazima kiwe kitu chenye thamani. Jamani! Kumwambia Mama Mbegu mbegu haina thamani! Mwishowe aliweka pete ya bibi yake, lakini mfukoni nilisikia kitu kinagongana, na pete moja na saa ya Mwalimu havitoi mlio ule.

Nguo waliazima. Kuna maandiko yanayosema zamani mabinti wa Yerusalemu walitoka kucheza kwenye mashamba ya mizabibu wakiwa na nguo nyeupe za kuazimana, ili asiye nayo asiaibike. Hilo nililipenda, nikawaza kamati zetu za harusi na sare za laki mbili, nikanyamaza. Gilasi ya kuvunja mwishoni, ile ya kukumbuka Hekalu lililobomolewa mwaka 70, mzee mwenye shamba alisema hataki kigae hata kimoja msituni kwake, kwa hiyo ikashonewa mfuko wa turubai. Na kwenye kadi waliandika: vaeni soksi ndefu, kupe wapo. Si utani, ugonjwa wa kupe wa huku umepewa jina la mji wa jirani, Lyme, jimbo la Connecticut. Nilijisikia niko nyumbani.

Sasa baba.

Babake Mama Mbegu ni wa Orthodox, wale wa msimamo mkali wa sheria. Kwao ndoa hii haipo. Si kwamba ni mbaya tu, haipo, kama mtu akisema amefunga ndoa na kivuli. Mrengo wa rabi wetu wenyewe uliruhusu Desemba 2006 baada ya mabishano marefu, na taratibu za ibada zikatolewa 2012. Lakini Orthodox hawajabadilika. Baba hakugomba. Alisema kwenye simu, "Nakupenda, na sitakuja." Basi. Na taliti ya babu, ambayo Mama Mbegu tangu mtoto alijua itakuwa hupa yake, ilikuwa kabatini kwa baba huyo huyo.

Miti minne inahitaji washikaji wanne. Kaka yake Mwalimu, mmoja. Rafiki yao wa tangu shule, wa pili. Wa tatu wakaniomba mimi. Ushahidi wa agano sikuweza kusaini, unatakiwa Myahudi, lakini mti mtu yeyote anashika. Wa nne Mama Mbegu alikataa kumpa mtu. "Uache tu," akasema. Akisema hivyo, nikajua anamwekea nani.

Na mimi, mwenzenu, sikujibu. Nilisema nitaangalia ratiba. Ratiba gani, wakati nimekata miti mwenyewe!

Niwaambie ukweli. Anayeshika mti wa hupa yuko kwenye kila picha. Na mnajua kwetu sheria inasemaje, Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo kinafika maisha. Najua sheria hiyo haimfungi mshika mti wa harusi ya Massachusetts. Lakini simu haisomi sheria. Picha inatoka huku asubuhi, mchana iko kwenye kundi la ukoo, jioni mama yangu anaulizwa kanisani "mwanao huko ameanza nini?" Mimi nitakuwa mbali nimejifunika blanketi, yeye ndiye atakayevuka ua wa kanisa.

Mama Mbegu alinifuata baada ya wiki. Alikuwa ameshaelewa. Akasema, "Kuna mti wa nyuma. Mpiga picha nimeshamwambia." Akaondoka hata kabla sijasema asante. Usiku huo nililia kwa aibu. Yeye anaachwa na baba yake, halafu ndiye anayehangaika kunificha mimi.

Nikaamua angalau mama asisikie kwa watu. Jumapili nikampigia, kule ni saa tatu usiku, nikamweleza yote. Nani anaoa nani, miti, hupa. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama?"

"Nipo." Kimya tena. "Wazazi wao watakuwepo?"

Nikamwambia wa huyu mmoja, baba hatakuja.

"Na mama mtu?"

"Hatujui."

Akaguna. Akasema, "Mwanangu, mimi hilo sikubaliani nalo, na sitakudanganya kwamba nakubaliana. Utajibu mwenyewe kwa Mungu. Picha usiweke." Nikasema sawa mama. Akasema, "Huyo ndiye yule aliyekuletea supu ulipokuwa unaumwa?" Nikasema ndiye. Kimya kirefu kabisa. Halafu: "Sasa unakwenda harusini umebeba nini? Mtu haendi harusini mikono mitupu."

Nikamwambia nimeombwa kupika, ila kuna shida, Wayahudi hawachanganyi nyama na maziwa, na chakula cha siku hiyo ni samaki, mboga na vitu vya maziwa. Pilau ya nyama haiwezekani.

"Kwani tui la nazi ni maziwa?"

Jamani, mama yangu ni mzaliwa wa Muheza. Tui la nazi si maziwa! Nilimuuliza rabi, akasema si maziwa wala si nyama, linakwenda na chochote, mradi kopo liwe na alama ya kuthibitishwa na nipikie kwenye jiko la sinagogi kwa sufuria zao. Nikampigia mama tena. Akauliza watu wangapi, nikasema 70. "Na vyakula vingine vipo? Basi kilo nane. Usipike sufuria moja utapata bokoboko. Pika mbili mbili, na la mwisho uweke tui zito." Akakata simu bila kuaga. Tangu siku hiyo hajanitajia harusi. Alinitajia mchele tu.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi mvua ya rasharasha, mchana ikakatika. Tukatandika mbao njiani kwa ajili ya wazee. Nikiwa natandika, Mama Mbegu akapokea simu, sauti ya mwanaume, nikasikia anajibu, "Ndiyo, ni telezi kidogo. Ndiyo, kuna mbao. Ndiyo, mpaka kwenye viti." Akakata. Akasema, "Baba anauliza njia ikoje. Goti la mama linamsumbua."

Saa kumi jioni gari likaingia kwenye uwanja wa chini. Nilitumwa mimi kupokea. Akashuka mama wa makamo, ameshika mfuko wa plastiki kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Ndani ilikuwa taliti. Mzee alibaki kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikamwambia "Shikamoo." Kiswahili kabisa! Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeelewa.

Nikamshika mkono mama tukaanza kupanda. Nyuma yangu mzee akaita.

"Wewe ndiye uliyekata miti?"

"Ndiyo."

"Si ya matunda?"

"Hapana, si ya matunda."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili. Akaurudisha mguu ndani ya gari na kufunga mlango. Hakuondoka. Alikaa pale mpaka mwisho.

Taliti tuliifunga kwenye miti kwa kamba za katani. Ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa kwa uzee, na pembeni ina michirizi meusi. Mama mtu alipoona mti wa nne hauna mtu, hakuuliza. Akampa mtu mkoba wake, akaushika. Mwenye goti bovu, dakika 40! Nilimletea kiti akakikataa.

Waliingia pamoja. Mama Mbegu akamzunguka Mwalimu mara tatu, Mwalimu akamzunguka Mama Mbegu mara tatu, halafu mara ya saba wakazunguka pamoja wameshikana mikono, majani yanavurugika chini. Zikasomwa baraka saba. Penye "bwana harusi na bibi harusi" rabi alisoma maneno mengine, marafiki wapendwa, ambayo akasema yamo humo humo kwenye baraka tangu zamani, yeye ameyasogeza tu. Upepo ukapiga, taliti ikavimba kama tanga la jahazi, sote wanne tukashikilia kwa nguvu. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Nikamwangalia mama mtu, wake haukutetemeka.

Gilasi ikavunjwa ndani ya turubai, watu wakapiga kelele za furaha. Nikatazama chini uwanjani. Taa za ndani za gari ziliwaka, zikazima.

Wanandoa wakapelekwa kwenye kile kibanda cha utomvu wakae peke yao kidogo, ni desturi, walikuwa wamefunga tangu asubuhi. Nikawapitishia mlangoni sahani ya wali wa nazi. Iliyobaki iliisha yote, kilo nane, hata ukoko waligombania. Nilijaza sahani moja zaidi, nikaifunika, mama mtu akaenda nayo chini. Sijui kama ililiwa. Sahani ilirudi ikiwa safi, lakini hata yeye angeweza kuila njiani.

Picha zilikuja juzi. Mpiga picha alitimiza ahadi, uso wangu haumo popote. Kuna moja tu unaona mkono umekamata mti, na bangili ya shaba aliyonipa mama nilipoondoka Lushoto. Anayeijua bangili ataijua. Nimeitazama sana hiyo picha. Sijivunii kwamba nilijificha, na sijui kama mwakani nikiulizwa tena nitajitokeza. Ila nilishika, na sikuuachia.

Miti minne iliachwa pale pale shambani kama tulivyokubaliana. Mialoni minne tumeipanda Jumapili iliyofuata, ina urefu wa goti. Mama Mbegu anapita kuiangalia kila wiki kana kwamba itakua kwa kutazamwa.

Haya, nina ripoti ya mbegu 600 ya kuwasilisha Ijumaa na sijahesabu hata 200. Tuombeane. Na yule aliyeniuliza kama nimeolewa: bado, lakini babu yangu alipanda msaiprasi nilipozaliwa. Hakuwahi kusikia habari za Betari. Upo nyuma ya nyumba, na nimemwambia mama asikubali mtu aukate.